Kitabu na Jirani: Jinsi Watu wa Ireland Wanavyotafuta Ukoo Wao



Kuna methali ambayo kila mweka hazina wa kikundi anaijua: mali bila daftari hupotea bila habari. Mara hii tunataka kuitumia methali hiyo kwa mali nyingine, si ya pesa. Ni mali ya jamaa: majina ya wazee wetu, mahali walipozaliwa, watu waliooana nao, na mahali walipolazwa. Mali hiyo nayo bila daftari hupotea. Lakini pia tutaona kwamba daftari peke yake halitoshi.

Tumechukua mfano wa mbali, nchi ya Ireland. Kwa nini Ireland? Kwanza, wengi wetu tunawafahamu watu wake. Masista wa Loreto walikuja Kenya mwaka 1921 kutoka huko. Mapadri wa Mtakatifu Patrick, wale tunaowaita wa Kiltegan, wamehudumu katika parokia zetu nyingi. Edel Quinn, aliyeeneza Legio ya Maria Afrika Mashariki, alizaliwa Ireland mwaka 1907, akafariki Nairobi mwaka 1944, na kaburi lake liko huko huko Nairobi. Pili, watu wa Ireland walipoteza vitabu vyao vingi vya serikali kwa moto, na hata hivyo bado wanawapata wazee wao. Hebu tuone wanafanyaje.

WATU WALIOTAWANYIKA

Mwaka 1841 serikali ilipohesabu watu Ireland, walipatikana zaidi ya milioni 8. Mwaka 1851 walibaki kama milioni 6 na nusu. Watu walikwenda wapi?

Mwaka 1845 ugonjwa uliingia katika viazi. Ni ule ule ukungu tunaoujua sisi, unaochoma majani ya viazi na nyanya wakati wa mvua na baridi. Maskini wa Ireland walikuwa wanategemea viazi karibu kwa kila mlo, na mashamba hayakuwa yao bali ya matajiri waliowatoza kodi. Njaa ilidumu mpaka karibu mwaka 1852. Watu kama milioni moja walikufa kwa njaa na magonjwa, na zaidi ya milioni moja wakapanda meli kwenda Marekani, Kanada, Uingereza na Australia. Hata baada ya njaa kwisha, vijana waliendelea kuondoka mwaka baada ya mwaka.

Ndiyo sababu leo kuna mamilioni ya watu nje ya Ireland wanaojua jambo moja tu: ati babu wa babu yetu alitoka huko. Kijiji hawakijui. Jina lenyewe limeandikwa hivi na vile. Wanapoanza kutafuta, wanakuta shida ya pili, nayo ni moto.

MOTO WA MWAKA 1922

Katika mji wa Dublin kulikuwa na nyumba kubwa ya kuhifadhi maandishi ya serikali, karibu na mahakama kuu. Humo mliwekwa karatasi za miaka mamia: hesabu za watu, wasia za marehemu, kesi, na mambo ya ardhi. Hata Kanisa la Anglikana la Ireland lilikuwa limepeleka humo vitabu vya ubatizo, ndoa na mazishi kutoka parokia nyingi. Sheria ya miaka ya 1870 ilitaka hivyo, ili vitabu viwe salama.

Mwaka 1922 vita vya wenyewe kwa wenyewe vilianza. Wapiganaji walikuwa wamejifungia katika majengo ya mahakama, na jeshi la serikali mpya likawapiga kwa mizinga. Tarehe 30 Juni kulitokea mlipuko mkubwa, na nyumba ya maandishi ikashika moto. Karatasi zilizoungua zilipeperushwa na upepo juu ya mji wa Dublin. Hesabu za watu za 1821, 1831, 1841 na 1851 karibu zote ziliteketea. Zaidi ya nusu ya vitabu vya Anglikana vilikwenda na moto huo.

Na si moto peke yake uliokula. Hesabu za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imeamuru ziharibiwe. Zile za 1881 na 1891 ziligeuzwa kuwa karatasi mpya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa sababu ya upungufu wa karatasi. Kwa hiyo hesabu ya kwanza iliyobaki nzima, na majina ya kila nyumba, ni ya mwaka 1901, ikifuatwa na ya 1911.

Sasa angalieni jambo la ajabu. Vitabu vya Wakatoliki havikuungua. Kwa nini? Kwa sababu havikuwa Dublin. Vilikuwa vimekaa parokiani, ndani ya kabati la paroko, mahali pengine na unyevu na panya. Vilivyopelekwa mahali palipoitwa salama ndivyo vilivyoteketea, na vilivyobaki kijijini vikapona. Baadaye, miaka ya 1950 na 1960, Maktaba ya Taifa ya Ireland ilipita parokia hadi parokia, zaidi ya 1,000, ikavipiga picha. Tangu mwaka 2015 picha hizo ziko katika intaneti na mtu yeyote anazisoma bure.

Funzo la kwanza ndilo hilo. Kitabu kimoja mahali pamoja ni hatari, hata mahali penyewe pakiwa na kuta za mawe. Wekeni nakala, na nakala ikae nyumba nyingine.

KITABU CHA PAROKIA KINASEMA NINI?

Aliyewahi kuomba kadi ya ubatizo parokiani kwetu atavitambua vitabu vya Ireland mara moja, maana ni desturi ile ile ya Kanisa. Kuna jina la mtoto, jina la baba, jina la mama, siku ya ubatizo, na majina ya wasimamizi wa ubatizo. Mara nyingi mama ameandikwa kwa jina la kwao, siyo la mumewe. Hilo ni jambo kubwa sana, kwa sababu bila jina la kwao upande wa mama unapotea kabisa.

Majina ya wasimamizi nayo yasipitwe. Mara nyingi walikuwa ndugu wa baba au wa mama, au jirani wa mlango wa pili. Mtafutaji akiwaandika wasimamizi wa watoto wote wa nyumba moja, ataanza kuona ukoo mzima umesimama kuzunguka kisima cha ubatizo.

Lakini vitabu vina mitego yake. Mapadri wengi waliandika kwa Kilatini, kwa hiyo James anaitwa Jacobus na William anaitwa Gulielmus. Makarani wa serikali nao waliandika kwa Kiingereza majina ya watu waliozungumza Kiairishi. Seán akawa John. Mac Gabhann, maana yake mwana wa mhunzi, huyu aliandikwa McGowan, na yule ndugu yake akaandikwa Smith. Basi ndugu wawili wa tumbo moja wanaonekana kitabuni kama watu wasiojuana.

Kuna mtego mwingine wa kuchekesha. Serikali ilianza kuandikisha vizazi vyote, ndoa zote na vifo vyote mwaka 1864. Mzazi aliyechelewa kuandikisha mtoto alitozwa faini. Wazazi walifanyaje? Walisogeza siku ya kuzaliwa mbele kidogo. Matokeo yake, ukiweka cheti cha serikali kando ya kitabu cha parokia, unakuta mtoto alibatizwa wiki kadhaa kabla ya kuzaliwa! Hapo mtafutaji mwenye busara huamini kitabu cha padri.

MAJINA YA KURITHI

Herufi Ó mbele ya jina la Kiairishi maana yake ni mjukuu au mzao wa fulani, na Mac ni mwana wa fulani. O'Brien ni mzao wa Brian. Wasomaji wetu wanaotumia arap au ole hawahitaji maelezo zaidi.

Watu wengi wa Ireland walikuwa na mpango wa kupeana majina. Mtoto wa kwanza wa kiume aliitwa babu mzaa baba, wa pili akaitwa babu mzaa mama. Wasomaji Wakikuyu watasema, si ndivyo sisi tunavyofanya! Ni kweli, ila kwa wasichana kuna tofauti. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza huitwa nyanya mzaa baba, na kwa mpango wa Ireland aliitwa nyanya mzaa mama. Kila nyumba haikuufuata mpango huu, lakini unamsaidia mtafutaji kukisia. Akijua majina ya watoto kwa mfuatano wao, anaweza kubahatisha majina ya babu na nyanya, kisha aende kitabuni kuhakikisha.

Shida ni kwamba mpango huo unazaa watu wengi wa jina moja. Babu mmoja akiwa na wana watano, kila mmoja akamwita mtoto wake jina la babu, kijiji kina vijana watano wenye jina moja na ukoo mmoja. Kule Cork na Kerry kuna akina Sullivan wengi mno. Kitabu kinaandika tu: John Sullivan, John Sullivan, John Sullivan. Nani ni nani?

Hapo ndipo kitabu kinanyamaza na jirani anaanza kusema. Majirani hawakuwa na shida hiyo, kwa sababu walikuwa na majina yao ya mtaani. Waliweka jina la baba, na pengine la babu, nyuma ya jina la mtu, kama Pádraig Sheáin, yaani Pádraig wa Seán. Au walimwita mtu kwa kazi yake, rangi ya nywele zake, au kilima alichokaa. Majina hayo hayako katika karatasi nyingi za serikali. Yako vinywani mwa watu.

UPEPO MKUBWA NA PENSHENI

Kisa hiki wazee wetu watakipenda. Mwaka 1908 serikali ya Uingereza, iliyotawala Ireland wakati huo, ilipitisha sheria ya kuwalipa wazee maskini wenye miaka 70 na zaidi. Malipo yalianza Januari 1909, mpaka shilingi 5 kwa wiki. Kwa mzee asiye na kitu, hizo zilikuwa pesa za kweli: mkate, chai, na heshima nyumbani kwa mwanawe.

Lakini mzee athibitishe vipi umri wake? Kuandikisha vizazi kulianza 1864, na yeye alizaliwa kabla ya 1840. Wengine walikwenda kwa paroko. Wengine waliomba ofisi ya Dublin iwatafutie majina yao katika hesabu ya 1841 au 1851. Kila mwombaji alijaza karatasi: majina ya wazazi wake, kitongoji, parokia na wilaya. Karani akatafuta, akaandika alichokipata.

Na wale ambao hawakupatikana kitabuni? Walitoa ushahidi wa kumbukumbu. Usiku wa tarehe 6 Januari 1839 dhoruba kali iliipiga Ireland, ikang'oa mapaa na kuangusha miti. Watu waliuita Usiku wa Upepo Mkubwa. Anayeukumbuka usiku ule, basi amefika miaka 70. Wazee wakaketi mbele ya wakaguzi wakieleza jinsi paa la baba lilivyoruka. Hata sisi, si ndivyo wazee wetu walivyohesabu miaka, kwa njaa ile, nzige wale, au rika lile lililotahiriwa?

Ni kweli wengine walijiongezea miaka. Ukisoma hesabu ya 1901 na ya 1911, unakuta watu ambao katika miaka 10 wamezeeka miaka 14 au 15. Pensheni iliwazeesha! Kwa hiyo hata kumbukumbu inahitaji kupimwa, hasa pale palipo na pesa.

Sasa oneni mwisho wa kisa. Hesabu za 1841 na 1851 ziliungua mwaka 1922, lakini zile karatasi za maombi ya pensheni zilibaki. Humo mna majina yaliyonakiliwa na karani kutoka vitabu ambavyo leo ni majivu. Mzee aliyekuwa anatafuta shilingi 5 tu, bila kujua, aliwaokolea wajukuu wake jina la baba yake.

WATOTO WALIOANDIKA WAZEE

Mwaka 1935 Ireland iliunda tume ya kukusanya masimulizi ya wananchi. Tume ikaona wazee ni wengi na wafanyakazi wake ni wachache. Basi kuanzia mwaka 1937 mpaka 1939 waliwatumia watoto wa shule za msingi. Watoto kama 50,000 kutoka shule kama 5,000 waliagizwa waende nyumbani, wawaulize wazazi, babu na nyanya na majirani, waandike.

Waliandika nini? Mambo ya kawaida tu. Njaa ilipitaje hapa kwetu. Nani aliishi katika ile nyumba iliyobomoka. Shamba lile lina jina gani na kwa nini. Makaburi ya zamani yako wapi. Dawa za miti, mafundi wa zamani, njia zilizofungwa. Pamoja na masimulizi, waliandika jina la aliyesimulia na mahali anapokaa. Hakuna mtambo uliohitajika, ila daftari, kalamu, na mwalimu wa kuhimiza. Madaftari hayo yamehifadhiwa katika chuo kikuu kimoja cha Dublin, na mtu wa Australia leo anaweza kusoma maneno ya jirani wa babu yake.

Funzo la pili: mzee akifariki bila kuandikwa, hakuna maktaba itakayomrudisha. Na kazi ya kuandika haihitaji profesa. Mtoto wa darasa la sita anaweza.

TUAM: KITABU NA JIRANI WALIPOKUTANA

Mpaka hapa mtu anaweza kusema, haya ni mambo ya kujifurahisha tu. Hapana. Tusimulie habari ya mji mdogo wa Tuam, wilaya ya Galway. Ni habari ya uchungu, na inagusa Kanisa. Gazeti la kanisa halina ruhusa ya kuiruka.

Kuanzia 1925 mpaka 1961 kulikuwa na nyumba huko Tuam iliyoendeshwa na masista wa Bon Secours, kwa niaba ya serikali ya wilaya. Walipelekwa humo wasichana waliopata mimba bila ndoa. Walizaa, kisha wengi wakatenganishwa na watoto wao. Wengine wa watoto walipelekwa kwa wazazi wa kulea, hata Marekani. Walioenda shule walikaa peke yao darasani, wakadharauliwa na wenzao.

Mwaka 1975, nyumba ilipokwisha kubomolewa, vijana wawili waliokuwa wanacheza pale waliona mifupa ndani ya shimo. Majirani walidhani ni watu wa ile njaa ya zamani, kwa sababu jengo lile kwanza lilikuwa nyumba ya maskini ya karne ya 19. Hata hivyo hawakupaacha. Walikata majani, wakapanda maua, wakaweka sanamu ya Mama Maria. Kumbukumbu haikujua jina, lakini ilijua mahali.

Mama mmoja wa pale, Catherine Corless, hakuwa msomi wa chuo kikuu. Alikuwa mama wa nyumbani aliyependa historia ya kwao. Aliwauliza majirani. Alilinganisha ramani za zamani na za baadaye, akaona kwamba mahali pale palikuwa na tangi la maji machafu la ile nyumba ya maskini. Kisha akaenda kwa msajili wa vifo akauliza: watoto wangapi walikufa katika nyumba hiyo? Alipewa majina 796. Akatafuta katika orodha za makaburi ya mji waliko zikwa. Karibu wote hawakuwamo.

Aliandika makala mwaka 2012 katika jarida la historia la mji wake. Mwaka 2014 habari zikaenea duniani. Wengine walimlaumu kwamba anachafua jina la mji. Serikali iliunda tume, na mwezi wa Machi 2017 ikatangaza kwamba mifupa mingi ya watoto wadogo imepatikana katika vyumba vya chini ya ardhi mahali pale. Januari 2021 waziri mkuu wa Ireland aliomba msamaha bungeni, na masista wa Bon Secours wakaomba msamaha pia. Julai 2025 kazi ya kufukua ilianza, ili watoto hao watambuliwe inapowezekana na wazikwe kwa heshima. Ndugu zao, ambao sasa ni wazee, wametoa sampuli za mwili ili zilinganishwe na mifupa.

Wapenzi wasomaji, tuutazame ukweli huu bila kujificha. Vyeti vya vifo vilikuwepo siku zote ofisini. Majirani walijua mahali siku zote. Lakini kitabu hakikuwahi kukutana na jirani mpaka mama mmoja alipovikutanisha. Kitabu kilikuwa na majina bila kaburi, na jirani alikuwa na kaburi bila majina.

Habari hii na nyingine kama hiyo zilibadilisha sheria. Kwa miaka mingi, mtu wa Ireland aliyelelewa na wazazi wasio wake alikuwa anaweza kunyimwa cheti chake cha kuzaliwa. Sheria ya mwaka 2022 ilimpa haki ya kukipata pamoja na jina la mama yake. Kujua ulikotoka si anasa. Ni haki ya mtu, maskini na tajiri.

HATUA WANAZOFUATA

Kwa kifupi, mtafutaji wa Ireland hufanya hivi:

1. Huanzia nyumbani kwake na yeye mwenyewe, kisha wazazi, kisha babu na nyanya. Harukii mtu wa zamani kabla hajamaliza wa karibu. Hukusanya barua, picha, na kadi za kumbukumbu ya marehemu.

2. Hutafuta nyumba yao katika hesabu ya 1901 na 1911. Humo ataona umri, dini, kazi, kama mtu alijua kusoma, na lugha. Ya 1911 inaonyesha pia mama amezaa watoto wangapi na wangapi wako hai.

3. Hutafuta vyeti vya kuzaliwa, ndoa na kifo, kuanzia 1864.

4. Hurudi kwenye vitabu vya parokia kwa miaka ya nyuma zaidi.

5. Hutazama vitabu vya ardhi. Kati ya 1847 na 1864, bwana mmoja aitwaye Richard Griffith alisimamia ukaguzi wa mashamba na nyumba Ireland nzima ili kodi ipangwe. Kila anayeshika shamba ameandikwa jina, na mwenye ardhi ameandikwa pia, pamoja na namba ya ramani. Baadaye, kila shamba lilipobadili mkono, karani alikata jina la zamani na kuandika jipya kwa wino wa rangi nyingine. Hivyo unaona baba akimwachia mwana, au mjane akibaki shambani.

6. Akishajua kitongoji, na Ireland ina vitongoji kama 60,000 vyenye majina, hufunga safari. Hutembea makaburini, kisha hubisha hodi kwa mzee wa pale.

Hatua ya sita ndiyo yenye utamu. Mzee huenda akamwonyesha kuta za mawe zilizobaki shambani na kumwambia, hapa ndipo walipokaa, na kisima chao kilikuwa kile pale. Kule Galway, kuanzia karibu mwaka 2010, watu wa vijiji walianzisha mpango uitwao Ireland Reaching Out. Hawangoji wageni. Wanaparokia wa kujitolea wenyewe hutafuta wazao wa wale walioondoka, huwaalika nyumbani, na kuwapokea. Ni kazi ya kikundi hasa, kama zetu.

Na karatasi zilizoungua? Mwaka 2022, miaka 100 baada ya moto, Ireland ilifungua hazina mpya katika intaneti iliyokusanya nakala kutoka maktaba nyingi za nchi mbalimbali, za maandishi yaliyopotea Dublin. Kumbe mengi yalikuwa yamenakiliwa na watu huko nyuma, kila mmoja kwa shughuli yake. Aliyenakili ndiye aliyeokoa.

TUSISAHAU

Injili ya Mathayo inaanza na orodha ndefu ya majina, na humo hamkuachwa hata wale ambao jamaa nyingi zingependa kuwaficha. Tukiandika ukoo wetu, tuandike wote: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mke aliyefukuzwa, kijana aliyekwenda mjini asirudi. Ukoo ulioandikwa nusu utawaletea wajukuu ugomvi, na mara nyingi ugomvi huo utakuwa wa shamba.

Lakini tuandike kwa upole. Mzee akisema jambo la aibu ya jirani, muulize kwanza kama anataka liandikwe. Na jambo moja likisemwa na watu wawili kwa namna mbili, andika zote mbili na majina ya waliosema. Usiamue kesi. Mwingine atakayekuja na cheti ndiye atakayepima.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, nani anaweza kutaja majina ya wazazi wa babu zake wote wawili na nyanya zake wote wawili? Ni upande gani tunaosahau zaidi, wa baba au wa mama?

2. Ni mzee gani hapa kwetu anayejua mambo ambayo hakuna mwingine anayeyajua? Nani atamtembelea kabla ya mkutano ujao, na atabeba daftari la nani?

3. Vitabu vya kikundi chetu, vya miniti na vya pesa, viko nyumba ngapi? Nyumba hiyo ikishika moto leo usiku, tutabaki na nini?

4. Je, kuna makaburi au mahali hapa kijijini ambapo watu wanapita kimya bila kusema ni ya nani? Kwa nini hatusemi?

5. Vijana wetu wa shule wanaweza kusaidia vipi, kama wale wa Ireland?

Kikundi kitakachoanza, kianze na daftari moja la kurasa nyingi na kalamu. Ukurasa wa kwanza waandike tarehe, jina la kijiji, na majina ya waliokuwepo. Ukurasa wa pili waandike jina la mzee wa kwanza. Wakimaliza, wanakili, na nakala ikakae kwa mwingine.